Sahani za maua, melamini na vikombe vya plastiki: kipi kibaki mezani kwa watoto wadogo?

*"Nina watoto wawili, mkubwa ana miaka 4 na mdogo ana miezi 10, ameanza kula. Mama mkwe alituachia seti ya zamani ya sahani na vikombe vya kauri, vina maua mekundu na ya njano na ukingo wa dhahabu, na ndivyo tunavyovitumia kila siku. Watoto wana sahani zao za melamini na vikombe vya plastiki vilivyoandikwa kwamba havina BPA. Nilinunua vile vijiti vya kupima madini ya risasi nikasugua sahani tatu: mbili hazikuonyesha kitu, moja ilibadili kijiti kikawa cha waridi pale kwenye maua. Mume wangu anasema amekulia kwenye sahani hizohizo na yuko mzima. Je, nitupe vyote ninunue vile vinavyoandikwa 'havina sumu'? Na watoto niwapeleke hospitali?"*

Dada, swali lako limebeba mambo matatu, na hayana uzito sawa. Sahani za maua ndizo za kushughulikia leo, kabla ya mlo unaofuata. Melamini si ya kutupa, ila kuna vyakula ambavyo haifai kuviwekea. Vikombe vya plastiki vinataka ubadili mazoea zaidi kuliko kununua vipya. Kwa hiyo hapana, usitupe vyote. Lakini ile sahani iliyobadili kijiti iondoke mezani pamoja na wenzake wote wa seti, zikiwemo zile mbili ambazo kijiti hakikusema kitu.

Nianze na hoja ya mume wako, maana ndiyo inayozichelewesha familia nyingi. Hasemi uongo, ila kuna mambo mawili hayaoni. Kwanza, risasi kwa kiwango kidogo haimlazi mtu kitandani. Kazi yake ni kupunguza: umakini, uwezo wa kujifunza, utulivu wa mtoto. Hakuna awezaye kumtazama mtu mzima akajua angekuwaje kama asingeimeza utotoni. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara. Pili, sahani aliyokulia yeye si sahani hii ya leo, hata kama ni ileile. Imesuguliwa kwa miaka, imekwaruzwa na visu na uma, imeoshwa kwa sabuni kali mara elfu kadhaa. Uso uliochakaa hutoa risasi kwa urahisi kuliko uso mpya. Wakati baba alipokuwa akila chakula chake humo, chombo kilikuwa bado kizima. Zamu ya mtoto imekuja kikiwa kimelika.

Na miili yao haifanani. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Mwili huipokea kana kwamba ni kalsiamu, huituma kwenye mifupa, na huko hukaa miaka mingi. Mtoto aliyepungukiwa na madini ya chuma au kalsiamu hufyonza zaidi, na mwenye njaa hufyonza zaidi ya aliyeshiba. Mdogo wako wa miezi 10 yuko kwenye umri huo hasa, tena ni umri ambao ukingo wa kikombe huumwa na kulambwa kabla hata kinywaji hakijafika mdomoni.

Sasa, risasi ilifikaje kwenye sahani? Kauri yoyote inayong'aa imefunikwa kwa utando wa kioo ambao mafundi huuita glezi. Ni unga wa mchanga laini na madini mengine uliochanganywa na maji, ukapakwa juu ya udongo, kisha ukayeyushwa ndani ya tanuri. Mchanga peke yake unahitaji joto la nyuzi 1,700 hivi ili uyeyuke, na hakuna tanuri la kawaida la vyombo linalofika huko. Kwa hiyo fundi huongeza madini ya kushusha joto hilo. Oksidi ya risasi ilipendwa kwa karne nyingi kwa sababu inayeyuka mapema, inatandaa bila mapovu, inang'aa vizuri na inaziamsha rangi. Kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, nayo iliingia kwa ajili ya rangi zenyewe: nyekundu iliyokolea, chungwa na njano kali. Kadimiamu huumiza figo na mifupa, na ikishaingia mwilini hukaa miongo.

Risasi ikiwa ndani ya glezi iliyochanganywa vizuri na kuchomwa kwa joto la kutosha, imeshikwa kama kokoto ndani ya zege: ipo, lakini hutaing'oa kwa mkono. Shida huanza mchanganyiko ukiwa na kasoro au joto likiwa pungufu. Hapo kioo hakikuungana sawasawa, na asidi ya chakula huanza kuichomoa risasi kidogokidogo. Kuna kasoro moja ambayo hata mafundi wazuri hupitiwa nayo: shaba, inayotiwa ili kupata kijani, huilegeza risasi iliyomo kwenye glezi ileile. Ndiyo maana bakuli la kijani linalong'aa sana, lililochomwa kwa joto la chini na fundi asiyejulikana, huwa nalitilia shaka kabla ya mengine.

Maua yako yana kisa tofauti kidogo. Kwenye seti nyingi za zamani maua hubandikwa au kuchorwa *juu* ya glezi baada ya sahani kwisha kuchomwa, kisha sahani hurudishwa kwenye tanuri kwa joto dogo zaidi, takriban nyuzi 700 hadi 850, ili rangi ishike. Rangi hizo zinalala nje, hazina kifuniko. Chakula kinazigusa moja kwa moja, uma unazikwaruza, sabuni inazila. Dhahabu ya ukingoni yenyewe haina sumu ya kukutia hofu. Ubaya wake ni kwamba hutoa cheche kwenye maikrowevu, na mara nyingi huambatana na rangi za aina hiyohiyo ya juu.

Vinavyoitoa risasi kwenye chombo ni vinne: asidi, joto, muda na msuguano. Ndimu, siki, nyanya, juisi ya matunda, maziwa ya mgando, chai na kahawa, vyote vina asidi. Joto huongeza kasi. Muda ndio unaosahaulika zaidi: mkate mkavu uliokaa kwenye sahani kwa dakika 10 huchukua kidogo sana ukilinganisha na juisi iliyolala ndani ya jagi usiku kucha. Kwa hiyo vikombe na majagi ya seti yako yananitia wasiwasi kuliko sahani bapa. Hata viwango vya kimataifa vinaona hivyo. Kiwango cha ISO 6486 huruhusu kikombe kitoe risasi isiyozidi miligramu 0.5 kwa lita, huku chombo kikubwa chenye kina kikiruhusiwa miligramu 1 na kidogo miligramu 2. Usisome takwimu hizo kama "kiasi salama cha kumeza". Maji ya kunywa yana kikomo cha miligramu 0.01 kwa lita kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Kikomo cha kikombe kinaonekana kikubwa kwa sababu kipimo chenyewe ni kikali: chombo hujazwa asidi ya asetiki ya asilimia 4, yaani ukali wa siki, kikaachwa saa 24. Kilichofaulu kipimo hicho hutoa kidogo zaidi kwenye matumizi ya kawaida. Lakini kufaulu si sawa na sifuri.

Hilo linatufikisha kwenye vijiti vyako. Kijiti husugua uso kwa sekunde chache na hugeuka waridi au chekundu kikikutana na risasi iliyo tayari kutoka. Jibu la "ipo" lichukulie kwa uzito, hasa kama ulisugua upande wa chakula. Jibu la "haipo" lina maana ndogo mno. Huenda ulisugua mahali penye glezi nzima, huenda risasi inahitaji saa kadhaa za asidi ili itoke, huenda iko chini ya kiasi ambacho kijiti kinaweza kukiona. Sahani za seti moja zilipakwa rangi zilezile na kuchomwa kiwandani kwa namna moja, hivyo moja ikikiri, nyingine sizihesabu kuwa safi. Uangalifu mmoja tu: baadhi ya rangi nyekundu huchujuka zenyewe zikakipaka kijiti. Sugua tena kwa pamba iliyoloweshwa maji matupu. Ikitoka na wekundu, basi kijiti kilikuwa kimechukua rangi. Hata hivyo, rangi inayochujuka kwa maji tayari ni sababu ya kutokula humo.

Huenda ukamwona mtu mwenye bunduki ndogo ya eksirei inayosoma madini, ikatoa namba ya kutisha. Chombo hicho husoma risasi *iliyomo*, hata ile iliyofungwa chini ya glezi. Hakisemi ni kiasi gani kitaingia kwenye chakula. Namba ikiwa sifuri au karibu na sifuri unaweza kutulia. Ikiwa kubwa, ujue hatari inawezekana ila haijapimwa. Kinachotoa hukumu ni maabara inayoloweka chombo kwenye asidi kwa saa 24 na kupima kilichotoka. Shirika la viwango la nchi yako au maabara ya chakula inaweza kukuelekeza, lakini kwa seti ya zamani gharama hiyo mara nyingi haina maana. Ni bora fedha hizo zinunue sahani nyeupe. Kuchemsha, kuloweka kwenye siki au kusugua kwa waya hakuondoi risasi kwenye glezi. Kunauchubua uso tu na kuifungulia njia.

Kwa vyombo vingine ulivyo navyo kabatini, macho na vidole vinaweza kukuambia mengi kabla ya kununua kipimo chochote. Inamisha sahani kwenye mwanga wa dirisha ili mng'ao utambae juu ya maua. Kama sehemu yenye maua ina mng'ao tofauti, imepauka au imefifia katikati pale uma unapopita, rangi iko juu. Pitisha ukucha taratibu: ukihisi kingo za ua, jibu ni lilelile. Kama uso ni laini sawia na maua yanaonekana yamezama chini ya kioo, hilo ni jambo jema, ingawa halikupi hakikisho. Tafuta mtandao wa nyufa nyembamba kama nywele ndani ya glezi, mara nyingi zimeshika rangi ya chai. Glezi hiyo imekwisha kufunguka, chakula kinaingia hadi kwenye udongo. Kisha geuza chombo, utafute ule mviringo wa chini usio na glezi, udondoshe tone la maji. Likinywewa mara moja, ni udongo wa joto la chini, wenye vinyweleo. Likibaki limesimama, ni kauri iliyochomwa kwa joto kubwa, aghalabu nyuzi 1,200 au zaidi, na kwenye joto hilo mtengenezaji hana haja ya risasi ili glezi iyeyuke.

Tone hilo lina kikomo: linakueleza udongo, halikuelezi rangi iliyobandikwa juu. Seti yako inaweza kuwa kauri bora ya joto kubwa na bado maua yake yakatoa risasi.

Ukishazitoa, zifungie kwenye kabati la mapambo ambalo watoto hawalifikii. Usizigawe kwa jirani wala kuzipeleka mnadani, maana utakuwa umehamishia tatizo kwa mtoto mwingine. Zisiwe bakuli la paka, wala chungu cha kuoteshea mboga. Zikivunjika, vipande vifungwe vizuri kwenye gazeti. Visiachwe uani watoto wakachezea. Na mama mkwe anaweza kuambiwa ukweli kwa heshima: seti ni ya kumbukumbu, inatunzwa.

Tuje kwenye melamini, ambayo wazazi wengi huichagua kwa sababu ni nyepesi, haivunjiki, na ina picha za wanyama. Hii ni plastiki ngumu inayotengenezwa kwa kuunganisha melamini na fomaldehaidi ndani ya kalibu la moto na mgandamizo. Kwenye chakula baridi au vuguvugu ungano hilo ni imara. Joto likipanda juu ya nyuzi 70, hasa pakiwa na asidi, minyororo yake huanza kukatika, na melamini pamoja na fomaldehaidi huhamia kwenye chakula. Na hapa melamini inatofautiana na plastiki nyingi: nyingine hutoa zaidi zikiwa mpya kisha hupungua, lakini melamini kadiri inavyochakaa ndivyo inavyozidi kutoa, kwa sababu kinachotoka ni mwili wa chombo wenyewe unaovunjika. Utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2013, uliofanywa Taiwan kwa watu 12, ulikuta waliokunywa supu ya moto kwenye bakuli la melamini wakitoa melamini kwenye mkojo mara kadhaa zaidi ya walipokunywa kwenye kauri. Melamini kwa wingi hudhuru figo.

Mlinganisho wa haki ni huu: kiasi kinachotoka kwenye sahani nzima yenye matunda, mkate au wali uliopoa ni kidogo mno, na sikulaumu kwa kuinunua. Lakini uji uliotoka jikoni una nyuzi 80 au 90. Supu vilevile. Hivyo visimwagwe kwenye melamini kabisa. Mimina kwanza kwenye bakuli la stenlesi (chuma kisichoshika kutu) au la kioo, koroga, ngoja upoe kiasi cha kuliwa na mtoto, na kama lazima sahani ya picha itumike, hamishia hapo. Kosa la kawaida ni kumimina uji wa moto kwenye melamini *ili upoe humo*, maana hizo dakika 10 za kusubiri ndizo mbaya kuliko zote. Maikrowevu ni marufuku. Waya wa kusugulia ni marufuku, tumia sifongo laini. Sahani iliyopoteza mng'ao, iliyoingia madoa yasiyotoka, yenye mikwaruzo meupemeupe au ufa, imemaliza kazi yake. Na ukikuta vyombo vinaitwa vya mianzi lakini ni laini, vyepesi na vina umbo la kalibu, ujue ni unga wa mianzi ulioshikwa na melamini. Umoja wa Ulaya hauruhusu mchanganyiko huo kwa vyombo vya chakula, kwa sababu unga wa mimea huifanya plastiki ioze mapema na kutoa zaidi.

Vikombe vya plastiki. Maandishi ya kwamba hakina BPA ni ya kweli mara nyingi, lakini yanajibu swali moja dogo. BPA ni kemikali ambayo ni malighafi ya polikaboneti, ile plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye chupa za watoto mwaka 2011, na mwaka 2023 mamlaka ya chakula ya Ulaya ikashusha kiwango kinachovumilika kwa siku mara 20,000. Watengenezaji wakahamia kwingine, na baadhi walichukua ndugu zake wa karibu, kama BPS, ambao wanafanana naye kwa tabia. Kwa hiyo usitazame kilichoandikwa kuwa hakimo. Geuza kikombe utafute pembetatu yenye namba. Namba 5 ni polipropilini, na 2 ni polithilini nzito. Hizo ndizo ninazozipendelea. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliwashauri wazazi waepuke namba 3, 6 na 7. Namba 7 ni kapu la "nyinginezo", hivyo humo mna polikaboneti na pia plastiki zisizo na shida.

Hata namba 5 haipendi moto. Mwaka 2020 watafiti wa Trinity College Dublin walionyesha kwamba chupa za polipropilini zikitikiswa na maji ya nyuzi 70 zinamwaga mamilioni ya chembe za plastiki katika kila lita, na joto likipungua chembe hupungua sana. Madhara ya chembe hizo kwa mtoto bado yanachunguzwa, lakini kujikinga ni rahisi mno kiasi kwamba sioni sababu ya kusubiri. Kama mdogo anatumia maziwa ya kopo, andaa kwa maji ya nyuzi 70 kama inavyotakiwa ili kuua vijidudu, ila fanya hivyo ndani ya chombo cha kioo au stenlesi, poza, kisha ndipo umimine kwenye chupa. Usishushe joto la maji ili kuikinga chupa. Vijidudu kwenye maziwa ya unga ni hatari ya karibu zaidi. Usipashe chakula kwenye plastiki ndani ya maikrowevu, hata kama imeandikwa kwamba inavumilia. Maandishi hayo yanamaanisha haitayeyuka wala kujikunja.

Basi ununue nini? Kwa mtoto aliye kwenye umri wa kurusha sahani, chaguo langu la kwanza ni stenlesi tupu, isiyopakwa rangi ndani. Haivunjiki, haina glezi, haijali moto. Kinachoilinda ni utando mwembamba wa oksidi ya kromiamu unaojijenga wenyewe kila unapokwaruzwa. Tafuta alama ya 18/8 au 18/10: hiyo ni asilimia ya kromiamu na nikeli. Wengine hupima kwa sumaku wakidhani isiyoshika ndiyo bora. Kipimo hicho hudanganya, maana kuna stenlesi ya bei ya chini yenye manganizi nyingi ambayo nayo haishiki sumaku lakini hupata kutu mapema, huku ya 18/0, isiyo na nikeli, ikishika sumaku na ikiwa salama kabisa. Kama kuna mtoto mwenye mzio wa nikeli, 18/0 ndiyo ya kumtafutia. Chakula chenye asidi kinaweza kuliwa humo bila shida. Kisilale humo tu. Chombo kipya kioshe kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kukitumia, kwani hubaki na mafuta na vumbi la kung'arishia kiwandani.

Tahadhari moja juu ya vikombe vya stenlesi vyenye kuta mbili, vile vya kutunza joto. Baadhi huzibwa chini kwa tone la solda yenye risasi, likafunikwa kwa kifuniko kidogo. Kikiwa kizima, kinywaji hakiguswi na risasi hata kidogo. Kifuniko kikidondoka, tone hilo hubaki wazi, na mtoto hulishika na kulilamba. Kwa sababu hiyo vikombe vya watoto vya aina hii viliondolewa sokoni Marekani mwaka 2022 na 2023. Kwa mtoto mdogo chukua chenye ukuta mmoja. Ukiwa nacho cha kuta mbili, kigeuze kila unapokiosha. Kifuniko cha chini kikilegea, kitoe nyumbani.

Kwa meza ya familia, kauri mpya nyeupe isiyo na maua ndani inatosha kabisa. Nyeupe tupu haitoi mwanya kwa kadimiamu, na kauri ya kiwandani ya joto kubwa haina sababu ya kutumia risasi. Ukipenda pambo, liwe nje ya bakuli au kwenye mgongo wa sahani, na kwa vikombe liwe angalau sentimeta 2 chini ya mdomo. Kioo kisicho na rangi ni kizuri vilevile, na mimi binafsi nakiona ndicho chombo bora cha kupashia na kuhifadhia chakula. Sahani za kioo kilichoimarishwa kwa joto huvumilia kuanguka zaidi, lakini zikivunjika hupasuka ghafla na kutawanyika vipande vingi vidogo. Kwa hiyo ukimwona mtoto amevunja, mnyanyue kwanza, usafi baadaye. Yenye pembe iliyomeguka itoe, maana ufa mdogo unaweza kuilipua siku nyingine bila kuguswa. Kioo kizito cha kumetameta kiitwacho kristali kina risasi, mara nyingi asilimia 24 au zaidi. Si cha mtoto, wala si cha kuhifadhia kinywaji kwa mtu yeyote.

Mengine niyapitie haraka. Enameli, yaani chuma kilichofunikwa kwa utando wa kioo, ikiwa nyeupe ndani ni nzuri mpaka imeguke. Ikimeguka, kutu huingia na vigae vyake ni vya kioo. Silikoni inafaa kwa vijiko na sahani za kunata mezani, mradi haina harufu ikiwa na moto. Yenye harufu haikuivishwa vizuri kiwandani. Mbao tupu isiyopakwa rangi wala vanishi ni salama, ila isiloweshwe na ikaushwe wima, vinginevyo huota ukungu. Vyombo vya alumini au shaba vilivyosubuliwa kutokana na vyuma chakavu viogope: risasi ya betri na vipuri huingia humo, na huwezi kuitambua kwa macho.

Hilo neno "havina sumu" kwenye maboksi halina maana moja iliyowekwa kisheria, kila muuzaji hulitumia atakavyo. Muulize jambo linalopimika: chombo kimepimwa utoaji wa risasi na kadimiamu kwa kiwango gani, na ripoti iko wapi? Mwenye bidhaa nzuri hujibu kwa jina la kiwango. Alama ya glasi na uma maana yake ni kwamba kimetengenezwa kwa ajili ya chakula. Maandishi ya "pambo tu" yaheshimu.

Mwisho, hospitali. Ndiyo, wapeleke wote wawili wapimwe risasi kwenye damu, na kama una mimba au unanyonyesha, nawe upimwe. Usisubiri dalili, kwa sababu kwa viwango vya kawaida hazionekani. Zikionekana huwa ni kuumwa tumbo, choo kigumu, kukosa hamu ya kula, hasira zisizo na sababu, uchovu au kuchelewa kusema, na kila moja ina sababu nyingine kumi. Degedege, kutapika mfululizo au mtoto kulegea na kutoamka vizuri ni dharura, nenda saa hiyohiyo. Mweleze daktari kwamba kuna chombo kilichoonyesha risasi na kimetumika kila siku, kwani bila maelezo hayo anaweza asione haja ya kipimo. Mwombe apime pia wingi wa damu na madini ya chuma. Kipimo cha tone la kidole kikitoa jibu la juu, kirudiwe kwa damu ya mshipa, kwa kuwa vumbi la risasi kwenye ngozi hupandisha jibu. Nawisheni mikono kwa sabuni kabla.

Jibu litakuja kwa mikrogramu kwa desilita. Marekani hutumia 3.5 kama mpaka wa kumfuatilia mtoto kwa karibu, na Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa kuanzia 5. Dawa za kuivuta risasi mwilini huhitajika kwa kawaida kuanzia 45, na ni dawa za hospitali zenye madhara yake. Chini ya hapo tiba ni kuondoa chanzo, kumlisha mtoto milo ya mara kwa mara yenye madini ya chuma, kalsiamu na vitamini C, na kupima tena baada ya muda atakaopanga daktari. Usimpe dawa ya "kusafisha damu" ya aina yoyote. Baadhi yake zimekutwa na risasi ndani. Kiwango cha damu hushuka polepole, kikipungua nusu kwa mwezi mmoja hivi mwanzoni, halafu taratibu zaidi kadiri mifupa inavyoirudisha risasi iliyohifadhi. Kama chombo kimeondoka na namba haishuki, chanzo kingine bado kipo nyumbani: rangi ya zamani inayobanduka ukutani, vumbi la kazini kwenye nguo za mmoja wenu, viungo, vipodozi au bomba la maji. Hapo mwombe daktari awaunganishe na afisa afya aje kukagua nyumba.